Mwaka 1916 kwa mizani ya Kisaki

Fungua kitabu chochote cha historia ya dunia kwenye ukurasa wa mwaka 1916, utakutana na orodha ileile. Februari Wajerumani waliwashambulia Wafaransa Verdun. Aprili Waingereza walisalimu amri mbele ya Waturuki kule Kut, Iraki. Mwisho wa Mei manowari zilipambana Jutland, na Julai ikaja zamu ya mto Somme, ambako Waingereza wapatao 19,000 waliuawa siku ya kwanza tu. Mwaka ukaisha Rasputin ameuawa Urusi na Lloyd George ameshika uwaziri mkuu London. Afrika Mashariki ikibahatika hupewa mstari mmoja kuhusu Jenerali Smuts, aliyeongoza majeshi ya Waingereza huko. Kisaki haimo kabisa.

Naona ilistahili kuwamo, na sisemi hivyo kwa upendeleo wa kwetu. Ukiyatazama vizuri matukio ya mwaka ule, mengi yanaulizia jambo moja: nani anaweza kumfikishia askari wake chakula? Kut haikuanguka kwa kuvunjwa kuta. Askari wapatao 13,000 walizingirwa, wakala farasi wao, mwishowe njaa ikawatoa nje mikono juu. Verdun ilisimama kwa sababu ya barabara moja tu ya kutoka Bar-le-Duc, kama kilomita 70, ambako katika siku za moto zaidi lori lilipita kila baada ya sekunde 14, usiku na mchana. Jutland kila upande ulijisifu kuwa umeshinda, lakini manowari za Uingereza ziliendelea kufunga bahari, na majira ya baridi yaliyofuata raia wa Ujerumani wakaishi kwa kula tanipu, mboga waliyozoea kulishia mifugo.

Sasa njoo Kisaki. Iko Morogoro Vijijini, kusini mwa milima ya Uluguru, kwenye tambarare ya Wakutu jirani na mto Mgeta. Siku hizi treni ya TAZARA husimama hapo, na watalii wanaijua kama mlango wa kuingilia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mwaka 1916 ilikuwa ghala la jeshi la Wajerumani.

Smuts aliingia mji wa Morogoro tarehe 26 Agosti akitumaini kumbana von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kwenye milima, kwa imani kwamba Uluguru haina njia ya kutokea kusini. Njia zilikuwepo pande zote mbili, na Wajerumani walikwishapita. Smuts akawagawa watu wake: wengine wazunguke mashariki, wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Brits na Nussey washuke upande wa magharibi. Milima haikupitisha magari wala mizinga. Tarehe 7 Septemba Brits alifika Kisaki, akashambulia, akarudishwa nyuma. Kesho yake Nussey akatokea kwa njia nyingine bila kujua yaliyompata mwenzake, naye akapigwa vilevile. Walikuwa karibu kiasi cha kusikia bunduki za wenzao, lakini pori na mawasiliano mabovu viliwazuia kusaidiana.

Kwa siku mbili hizo Wajerumani walishinda, na vitabu vya kijeshi huishia hapo. Ila katikati ya mwezi von Lettow aliiacha Kisaki mwenyewe, kwa sababu kikosi cha mashariki kilikuwa kinamkaribia kupitia Dutumi. Wagonjwa wake wa Kizungu wasioweza kusafiri wakabaki hospitalini, yeye akavuka Mgeta. Na hapo ndipo penye kitendawili. Waingereza walikuwa na Dar es Salaam tangu tarehe 4 Septemba, reli ya kati ilikuwa mikononi mwao, na Wabelgiji waliotoka Kongo waliiteka Tabora tarehe 19 mwezi huohuo. Mbona basi walikwama mtoni Mgeta mpaka tarehe 1 Januari 1917?

Tupige hesabu. Mbung'o walikuwa wamemaliza wanyama: farasi aliyeletwa huku aliishi wiki chache tu, nyumbu na maksai hawakupona pia. Mvua zilipoanza, udongo mweusi wa tambarare ile ukameza magurudumu. Madaraja ya reli Wajerumani walikuwa wameyabomoa kabla ya kuondoka. Akabaki mpagazi. Mpe mzigo wa kilo 25 za unga. Posho yake mwenyewe ni kama kilo moja kwa siku. Akitembea wiki nzima kutoka Morogoro hadi Kisaki na wiki nyingine kurudi, amekula kilo 14, jeshi limepata 11. Sogeza jeshi siku tano mbele, kuelekea Rufiji: safari inakuwa siku 12 kwenda na 12 kurudi, anakula kilo 24. Mtu ametembea karibu mwezi mzima ili kufikisha kilo moja, na risasi bado hatujazipima.

Bila shaka hakuna jenerali aliyekubali hesabu hiyo imalizike hivyo. Aliipunguza kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumpunja mpagazi: posho pungufu, unga wa mahindi usioiva kwa kukosa kuni na muda, halafu kuhara damu. Ya pili ni kuchukua mahindi na mtama wa wenyeji njiani. Pande zote mbili zilifanya hivyo, na sifa anazopewa von Lettow za kuishi kwa ujanja porini zingepungua sana kama zingeandikwa na mkulima wa Kikutu.

Askari nao hawakusalimika. Kabla mwaka haujaisha, zaidi ya Wazungu 12,000 wa Afrika Kusini walirudishwa kwao kwa malaria na kuhara. Nafasi zao zikajazwa na King's African Rifles na watu wa Nijeria na Gold Coast.

Mapigano yalipoanza tena, Frederick Selous, mwindaji wa miaka 65 aliyekuwa jeshini upande wa Waingereza, alipigwa risasi Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Kaburi lake lipo hadi leo na pori zima lilipewa jina lake. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa katika vita ile, kwa makadirio yanayotajwa sana, wanakaribia 100,000. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba wafu wa Kiafrika hawakuenziwa sawa na wengine.

Smuts mwenyewe aliondoka Januari hiyohiyo kwenda London, akiwaambia watu kwamba kazi kubwa imekwisha. Hesabu ya kilo 25 haikuondoka naye. Kadiri von Lettow alivyozidi kwenda kusini ndivyo safari ilivyorefuka na ndivyo watu walivyohitajika zaidi, na mwaka 1917 serikali ya kikoloni katika Kenya ya leo ikawakusanya wapagazi kwa nguvu, wilaya baada ya wilaya, zaidi ya 100,000. Von Lettow alikuja kuweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, Mbala ya leo, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza.