Mtoto amefungiwa akaunti ya gemu na anasema ameonewa: Mzazi afanye nini?

Ni Jumamosi asubuhi. Mtoto wa kidato cha pili amemaliza kufua sare zake, amepewa simu ya mama kwa saa moja kama walivyokubaliana, na sasa amekaa kwenye kochi anaitazama skrini bila kuigusa. Gemu anayocheza na wenzake wa mtaani kila wikiendi haifunguki. Kuna ujumbe kwamba akaunti yake imefungwa kwa udanganyifu. Muda wa adhabu: miaka 10.

"Mama, wamenifungia. Lakini mimi sijafanya kitu."

Katika nyumba nyingi jibu la kwanza huwa jepesi: afadhali, sasa utasoma. Jibu hilo linaeleweka, maana bando ni gharama na mitihani haisubiri. Lakini mtoto huyu hajaleta habari ya gemu peke yake. Ameleta tuhuma. Ameambiwa ni mwizi wa ushindi, mbele ya marafiki zake, na aliyemwambia hana sura wala namba ya simu. Kama amesingiziwa, atakachokikumbuka baadaye ni kama mtu mzima wa karibu yake alimsikiliza.

Mashine nayo hukosea

Gemu nyingi za mtandaoni zina programu ya kuzuia udanganyifu. Kazi yake ni kukagua kama mchezaji ametumia msaada usioruhusiwa, mfano programu inayomlengea shabaha au kumwonyesha adui aliyejificha nyuma ya ukuta. Udanganyifu huo upo kweli na unaharibu mchezo kwa wengine, hivyo si kila aliyefungiwa ameonewa.

Hata hivyo, kuonewa nako kupo, na kampuni kubwa zimewahi kukiri.

Julai 2010, kampuni ya Valve ya Marekani iliwafungia kimakosa wachezaji wapatao 12,000 wa gemu ya Call of Duty: Modern Warfare 2. Mfumo wake ulilinganisha faili lililokuwa kwenye diski na lile lililokuwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ukakuta havifanani, ukahukumu. Kumbe tofauti ilitokana na masasisho ya mfumo wenyewe. Mkuu wa kampuni hiyo, Gabe Newell, aliwaomba radhi waathirika, wakafunguliwa na kupewa gemu nyingine bure, pamoja na nakala ya kumzawadia rafiki.

Oktoba 2023, wachezaji wa Counter-Strike 2 walifungiwa kwa sababu ya kipengele kipya cha kupunguza ucheleweshaji kilichotolewa na AMD, watengenezaji wa vifaa vya kompyuta. Kipengele hicho kiligusa mafaili ya gemu kwa namna iliyofanana na ya wadanganyifu. AMD ilikiondoa na waliofungiwa wakarejeshwa.

Mwaka uliofuata, Oktoba 2024, kampuni ya Activision ilikiri kuwa mfumo wake wa ulinzi ulichezewa na mtu wa nje, na baadhi ya wachezaji wasio na hatia wa Call of Duty wakafungiwa. Nao walirudishiwa akaunti zao.

Matukio haya yanafundisha jambo moja: neno "udanganyifu" kwenye skrini ni matokeo ya kipimo, na kipimo kinaweza kukosea. Ndiyo maana rufaa zipo.

Kinachouma si gemu tu

Mwaka 2003, jarida la Science lilichapisha utafiti wa Naomi Eisenberger na wenzake. Waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, kisha wakawachezesha mchezo mdogo wa kompyuta wa kurushiana mpira. Baada ya muda, wachezaji wengine kwenye skrini waliacha kumpasia mshiriki. Ubongo wa aliyetengwa ulionyesha shughuli katika eneo ambalo pia huhusika na maumivu ya mwili.

Huo ulikuwa mchezo wa dakika chache na watu wasiofahamiana. Kijana wa miaka 14 anatengwa na kundi analolijua kwa majina, katika umri ambao kukubalika na wenzake kuna uzito mkubwa. Kununa, kulia au kukosa hamu ya kula siku ya kwanza si ajabu, na pekee si dalili ya ulevi wa gemu.

Shirika la Afya Duniani linautambua ugonjwa wa kucheza gemu kupita kiasi katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini vigezo vyake ni vizito: kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea hata madhara yanapoonekana, kwa kawaida kwa kipindi kisichopungua miezi 12. Hasira ya wikiendi moja haitoshi kumpa mtoto jina hilo.

Cha kuangalia ni kama huzuni inakaa. Mtoto akipita wiki mbili halali vizuri, amejitenga na hata wa nyumbani, au amesema maneno ya kukata tamaa ya kuishi, suala limeshatoka kwenye gemu. Kwa maneno ya kukata tamaa hakuna kusubiri wiki mbili. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Maswali manne kabla ya kuandika

Rufaa inayojengwa juu ya uongo huanguka, na humfundisha mtoto vibaya. Kwa hiyo mazungumzo ya nyumbani yatangulie, kwa sauti ya kawaida, mtoto akijua kwamba akisema ukweli hatachapwa.

*Nani mwingine amegusa akaunti hii?* Binamu aliyekuja likizo, rafiki aliyepewa nenosiri, au kijana wa kibanda cha gemu. Kwenye baadhi ya mifumo kosa la mmoja humwangukia mwingine. Kwa mfano, kwenye Steam, mwanafamilia akidanganya akitumia gemu uliyomgawia, na mwenye gemu hufungiwa katika gemu hiyo.

*Kuna programu gani kwenye simu?* Gemu iliyopakuliwa nje ya duka rasmi, programu ya "kuongeza kasi", au ya kubonyeza skrini yenyewe. Mtoto anaweza kuwa aliiweka bila nia mbaya, lakini mfumo hausomi nia.

*Almasi au sarafu za gemu zilinunuliwa wapi?* Za bei ya kutupa zinazouzwa mitandaoni wakati mwingine hulipiwa kwa kadi za wizi. Mwenye kadi akidai pesa zake, malipo yanafutwa na akaunti iliyopokea sarafu inaweza kufungwa.

*Akaunti ilipatikanaje, na umri ulioandikwa ni upi?* Kununua akaunti ya mtu mwingine hukatazwa katika gemu nyingi. Aidha, sheria ya Marekani inayolinda taarifa za watoto walio chini ya miaka 13 huzifanya kampuni nyingi kuuliza tarehe ya kuzaliwa. Mtoto aliyedanganya umri anaweza kujikuta nje kwa sababu hiyo, wala si kwa kuiba ushindi.

Ikibainika mtoto alikosea, bado anaweza kuandika. Ila ataandika kukiri na kuomba nafuu, hatadai kwamba ameonewa.

Rufaa inavyoandikwa

Kwanza, mzazi na mtoto wausome ujumbe wa kufungiwa pamoja na kuupiga picha ya skrini. Ni adhabu ya siku kadhaa au ya kudumu? Sababu iliyotajwa ni udanganyifu, lugha chafu au malipo? Kila moja ina majibu yake. Aliyefungiwa kwa matusi hasaidiki kwa kueleza kwamba hana programu ya kulenga shabaha.

Pili, wabadilishe nenosiri la akaunti na la barua pepe iliyounganishwa nayo, kisha wakague ni simu zipi zimeingia humo. Ikionekana simu isiyojulikana, huo ni ushahidi kwamba akaunti ilidukuliwa.

Tatu, wakusanye vielelezo: namba ya mchezaji, barua pepe iliyosajiliwa, aina ya simu, risiti za manunuzi, siku na saa ya mwisho kucheza, na orodha ya programu zilizokuwa zikifanya kazi wakati huo.

Nne, waingie kwenye tovuti rasmi ya gemu kwa kuandika anwani wenyewe, au kupitia sehemu ya msaada ndani ya programu. Wasipite kwenye viungo vilivyotumwa kwa meseji, kwa sababu matapeli nao hutuma taarifa za "kufungiwa" ili kuvuna nenosiri. Wakague pia ukomo wa muda wa kukata rufaa, kwani baadhi ya kampuni huuweka.

Tano, waandike kwa ufupi. Mfano:

*"Naandika kuhusu akaunti yenye namba ya mchezaji (namba). Ilifungwa tarehe (tarehe) kwa sababu ya udanganyifu. Sijatumia programu yoyote ya kubadili mchezo. Mara ya mwisho nilicheza saa 12 jioni nikitumia simu ya (aina). Programu nyingine zilizokuwa wazi ni hizi: (orodha). Nimeambatanisha risiti na picha. Naomba mtu aipitie upya kesi hii na kunieleza ni kitendo gani kilichosababisha hatua hii. Mimi ni mtoto wa miaka 14, na mzazi wangu anajua kuhusu barua hii."*

Barua ya namna hiyo haina tusi, haina kitisho cha kushtaki, wala haisimulii jinsi mtoto anavyoipenda gemu. Ina mambo ambayo mkaguzi anaweza kuyahakiki. Kwa kuwa fomu nyingi hupokea Kiingereza, sentensi fupi zinasaidia hata inapotumika programu ya kutafsiri.

Inafaa mtoto aandike mwenyewe, mzazi asome kabla ya kutuma. Wasitume rufaa tano kwa siku, maana zinaweza kuchukuliwa kama usumbufu. Na wakati wa kusubiri, asifungue akaunti mpya ya kukwepa adhabu. Kampuni nyingi huhesabu hilo kama kosa jingine.

Mitego miwili

Mtego wa kwanza ni "wafunguaji". Mitandaoni wapo watu wanaodai kuwa na jamaa ndani ya kampuni, na kwamba kwa shilingi 20,000 akaunti itarudi. Wakishapata pesa, huomba na nenosiri. Njia rasmi ya rufaa hailipiwi.

Mtego wa pili ni kukimbilia benki kufuta malipo ya kadi kwa hasira. Malipo ambayo mzazi hakuyaidhinisha ana haki ya kuyapinga, lakini ajue kampuni zinaweza kuifunga akaunti kwa sababu hiyo. Desemba 2022, Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza makubaliano ambayo Epic Games, wenye gemu ya Fortnite, ilikubali kulipa jumla ya dola milioni 520. Miongoni mwa madai ya Tume ni kwamba kampuni ilifunga akaunti za wateja waliopinga malipo wasiyoyaidhinisha, na amri iliyofuata iliizuia kufanya hivyo. Kwa familia iliyoko Temeke au Mwanza, usalama zaidi ni kuanza na ombi la kurudishiwa pesa kupitia duka la programu, na kuweka nenosiri kwenye kila ununuzi.

Wakikataa

Rufaa nyingine hukataliwa kwa sentensi mbili zisizoeleza kitu. Ikipatikana hoja mpya, kwa mfano risiti iliyosahaulika au taarifa kwamba wachezaji wengi wenye simu ya aina hiyo wamefungiwa siku moja, inafaa kuandika mara ya pili.

Sheria nazo zinafungua mlango mdogo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayompa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazoshikiliwa, na inagusa pia maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ina masharti yanayofanana. Sheria hizo hazimlazimishi mwenye gemu kumfungulia mchezaji, na kampuni isiyo na ofisi nchini si rahisi kuibana. Lakini kuomba kwa maandishi taarifa zilizotumika kumhukumu mtoto ni ombi halali.

Na ikiwa milango yote imefungwa, mzazi amwambie mtoto wazi kwamba juhudi zimeishia hapo. Si busara kumwambia "ni gemu tu" baada ya wiki mbili za kuandika pamoja. Inatosha kumwambia kwamba alisema ukweli, nyumbani waliamini, na walioamua wako mbali na hawakubadili uamuzi. Kisha wenzake waalikwe nyumbani Jumamosi, wacheze bao, karata au mpira wa barazani, ili apoteze akaunti bila kupoteza marafiki.

Katika nyumba ile ya Jumamosi asubuhi, kazi ya mama si kujua almasi zinanunuliwaje wala silaha ipi ni kali. Ni kuvuta kiti, kukaa karibu na mwanawe na kumwambia: "Haya, nionyeshe walichoandika."