Joto na Vyombo vya Mtandao Madukani

Mwenye duka pale Kyumbi, mahali ambapo barabara ya Machakos inaiacha ile kuu ya Mombasa na Nairobi, akiona mtandao wake ni mzuri asubuhi, unasuasua baada ya adhuhuri, unakatika alasiri, kisha unarejea wenyewe jioni, huwa mwepesi wa kumlaumu aliyemuuzia huduma. Nami namsihi, kabla ya kulaumu, autazame ule ukuta alipoitundika ruta yake, kwa sababu ukatikaji unaofuata mwendo wa jua namna hiyo aghalabu asili yake imo ndani ya duka. Tangu mwaka 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofikishwa Mombasa kwa njia ya bahari, mawasiliano yetu na ulimwengu yamepata njia pana; ni hasara kubwa basi ikiwa ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kodi wa KRA, itakwama katika hatua mbili za mwisho, ndani ya kabati lililofungwa.

Umeme unaoingia katika vyombo hivi, karibu wote huishia kuwa joto. Ruta ya kawaida hutumia kama wati 10, swichi ndogo hutumia pungufu ya hapo, na mashine ya kuhifadhi picha za kamera za ulinzi huweza kuzidi wati 20. Vikikusanywa pamoja kabatini, ni kana kwamba umefungia humo balbu ya zamani ya wati 40 isiyozimwa usiku wala mchana. Watengenezaji wa vyombo vya namna hii kwa kawaida huweka mpaka wa digrii 40 za Selsiasi, nao humaanisha hewa inayokizunguka chombo, si hewa ya uwanjani. Sasa, hewa ya kivulini Kyumbi haifiki kiasi hicho hata katika Februari na Machi, miezi yetu ya hari. Kwa hiyo ni dhahiri kwamba kinachoviua vyombo hivi si tabia ya nchi ya Ukambani, bali ni lile joto tunalolijenga wenyewe kwa mabati yasiyo na dari na kwa makabati yasiyo na matundu. Tena, kwa kuwa Kyumbi iko kwenye kimo kipitacho mita 1,500, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, na hewa nyepesi huondoa joto pungufu kila ipitapo.

Madhara yake ni ya namna mbili. Ya kwanza huonekana siku ile ile: chipu ikipata moto hupunguza kasi ili ijinusuru, au chombo hujizima na kujiwasha. Ya pili hufanyika kimyakimya: kapasita zilizomo ndani ya ruta na adapta hukauka, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila digrii 10 zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu, kadhalika betri ya risasi iliyomo ndani ya UPS, iliyokusudiwa kukaa kwenye digrii 25 au chini yake, ikiishi kwenye 35 hupoteza takriban nusu ya maisha yake.

Tiba yake haihitaji mtaji mkubwa. Maadamu tuko karibu na ikweta, jua la alasiri huupiga ukuta wa magharibi kwa ukali, basi tundika vyombo kwenye ukuta wa ndani usioguswa na jua, usawa wa kifua, maana hewa ya moto hupanda na kutuama chini ya mabati, nayo sakafu ina vumbi. Usiiweke ruta juu ya friji, usiipandanishe juu ya swichi, wala usiifunike kwa kitambaa cha kufuma, hata kikiwa kizuri namna gani. Kabati likihitajika kwa ajili ya wezi, litoboe matundu chini na juu, ili hewa baridi iingie huku na ya moto itokee kule. Ikibidi, tia juu feni ndogo ya kusukuma hewa nje. Betri iwe chini kabisa, penye ubaridi. Na kwa kuwa malori hayapumziki kwenye barabara ile, kila mwezi zima vyombo, uyaondoe mavumbi kwa brashi kavu, kwani vumbi likiziba matundu huwa ni blanketi. Ukijaliwa uwezo, weka dari. Wajenzi wa kale wa Lamu, kwa kuta nene na vyumba virefu, walijua kwamba nyumba ndiyo kinga ya kwanza dhidi ya hari.

Nasaha yangu kwa msomaji ni hii: kabla hujatoa fedha kununua ruta mpya, nunua kipimajoto cha bei nafuu, ukitundike kando ya ile ya zamani, ukisome saa tisa alasiri kwa siku chache mfululizo. Kikikaribia digrii 40, hamisha ruta kwanza, kwa kuwa ruta mpya ikiwekwa mahali pale pale itakufa kifo kile kile.