Damu Inasema Nini Kuhusu Ubongo?

Siku hizi mzee akianguka na mkono mmoja ukakataa kufanya kazi, au mama akianza kusahau njia ya kurudi nyumbani, jamaa husema, "Apelekwe maabara apimwe damu." Kutoka Kawangware, Kangemi na Dagoretti watu hupanda matatu mpaka katikati ya jiji na pesa za mchango mkononi. Ni vizuri tujue damu inaweza kusema nini na ni wapi inanyamaza. Kutojua hugharimu pesa, na kwa kiharusi hugharimu maisha.

MOSHI NA MAJIVU

Fikiria nyumba inayoungua. Kwanza unaona moshi, halafu baadaye majivu. Ubongo ukiumia, damu huonyesha vitu vya aina mbili namna hiyo.

Moshi ni dalili kwamba mwili unapigana. Tukijeruhiwa au tukiingiliwa na viini, ini hutoa kwa wingi protini inayoitwa CRP. Ilitambuliwa mwaka 1930 huko New York, kwa wagonjwa wa nimonia. CRP hupanda mtu akipata kiharusi, lakini hupanda pia kwa malaria, nimonia, jipu la jino au kidonda kibaya. Kwa hivyo inasema kuna moto, lakini haisemi ni nyumba gani inaungua.

Majivu ni mabaki ya seli zilizokufa. Seli ya ubongo ikifa, protini zilizokuwa ndani yake huvuja na kuingia katika damu. Moja ni nyurofilamenti, ambayo ni kama vyuma vinavyoshikilia neva. Nyingine ni GFAP, inayotoka kwa seli zinazotunza neva. Mshipa ukipasuka na damu kumwagika ndani ya ubongo, GFAP hupanda haraka kuliko mshipa ukiziba. Wataalamu wanaichunguza kwa bidii kwa sababu hiyo. Hata hivyo, bado haijachukua nafasi ya picha ya kichwa.

KIHARUSI: USINGOJE MAJIBU YA DAMU

Mshipa ukiziba, kuna dawa ya kuyeyusha donge la damu. Kwa kawaida hutolewa ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili zianze. Dawa hiyo hiyo akipewa mtu ambaye mshipa wake umepasuka, inaweza kumuua. Kinachotofautisha hawa wawili ni skani ya CT. Mshipa mkubwa ukiziba, imekadiriwa kwamba kila dakika seli za neva kama milioni 1.9 hufa. Sasa hesabu dakika za kukwama kwenye foleni ya Waiyaki Way au Ngong Road, halafu uongeze usiku mzima wa kungoja "kama ataamka sawa".

Kipimo cha damu ambacho hakingoji ni kile cha sukari, cha kutoboa kidole. Sukari ikishuka sana, mtu huonekana kama aliyepigwa na kiharusi, na tiba yake ni rahisi.

KUSAHAU

Ugonjwa wa kusahau, yaani dimensha, si uzee tu, na si uchawi. Mwezi wa Mei 2025 Marekani iliidhinisha kipimo chake cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua Alzheimer, ambayo ndiyo aina ya dimensha inayopatikana zaidi. Kipimo hicho ni cha watu wa miaka 55 na zaidi ambao tayari wana dalili, na daktari hakitumii peke yake. Ugonjwa wa figo, kwa mfano, unaweza kupandisha protini hizi.

Lakini kabla ya kutafuta kipimo cha ng'ambo, kuna vya kawaida ambavyo daktari huweza kuagiza: homoni za tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na virusi vya Ukimwi. Hapa ndipo damu ina faida kubwa, kwa sababu kusahau kunakoletwa na shida hizi kunaweza kutibiwa, na mara nyingine mtu akapata nafuu kabisa.

TUFANYE NINI?

1. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, andika saa dalili zilipoanza. Mpeleke mgonjwa moja kwa moja hospitali yenye CT, kama vile Kenyatta. Mmoja apige simu mbele kuuliza kama mashine inafanya kazi.

2. Usimpe chakula wala aspirini kabla ya picha. Usianze na kukandwa.

3. Kwa anayesahau, anza na daktari, si maabara. Mweleze mambo yalianza lini, na ubebe dawa zote anazotumia.

4. Ukiuziwa kipimo cha damu, uliza: "Majibu yakitoka, matibabu yatabadilika vipi?" Kama hakuna jibu, weka pesa yako mfukoni.

5. Pima presha, hata kama huumwi. Presha huleta kiharusi, na viharusi vidogo vidogo huleta kusahau. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilikadiria kwamba karibu watu 45 kati ya kila 100 wenye dimensha wangeweza kukingwa au kucheleweshewa ugonjwa, kama hatari 14 zingeshughulikiwa. Presha, sukari na sigara zimo.

Majivu yakionekana katika damu, nyumba imeshaungua kiasi. Mashine ya presha hukuonya kabla ya moto, na kupima ni dakika chache tu.