Mbwa Wako Anakula Nini?

Mbwa ni mlinzi wa nyumba na zizi. Wengi wetu tunamlisha makombo. Si makombo yote ni mabaya. Lakini baadhi ya vyakula tunavyokula sisi ni sumu kwake.

Tuanze na kitunguu. Kitunguu maji au kitunguu saumu, kibichi au kilichopikwa, huharibu damu ya mbwa. Dalili hazionekani siku ile ile. Baada ya siku chache mbwa hulegea, fizi zake huwa nyeupe, na mkojo huwa wa kahawia. Mwenyewe husema karogwa, kumbe ni mchuzi wa juzi!

Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali. Hukwama kooni au hutoboa utumbo. Pombe usimpe hata kwa mzaha.

Sasa tazama mahindi. Watu huyachambua: mazuri ya watoto, yenye ukungu ya mbwa. Hilo ni kosa kubwa. Ukungu huo huweza kuleta sumukuvu, nayo huharibu ini. Kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 sumu hii iliua watu 125 nchini Kenya. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mbwa naye huuawa nayo. Usimpe hata ng'ombe, maana sumu hupita kwenye maziwa. Mahindi hayo yafukie.

Je, umechinja mbuzi au kondoo? Tazama mapafu na ini. Ukiona vifuko vyenye maji, usimtupie mbwa. Ndani yake mna vijitegu. Vikikua tumboni mwa mbwa, mayai yake hutoka na mavi na kunasa kwenye manyoya. Mtoto akimchezea mbwa, kisha akala bila kunawa, vifuko hivyo humwota yeye ndani ya ini. Vichome, au vifukie kwenye shimo refu.

Basi tumpe nini? Mpe ugali wa unga safi na dagaa waliooshwa chumvi. Mpe kiazi kitamu au boga lililochemshwa, na yai la kuchemsha likipatikana. Maji safi yawepo kila siku.

Akila kitu kibaya, usingoje dalili. Mwone bwana mifugo mapema. Mweleze mbwa kala nini, kiasi gani na saa ngapi.