Si Ulevi Tu: Pombe na Kupooza



Wengi tunafikiri kupooza ni ugonjwa wa wazee tu. Sivyo. Katika mtaa wetu hapa Bunia, kijana mmoja motari, hajafika miaka 30, alianguka asubuhi baada ya kunywa lotoko usiku wote. Mdomo ulikwenda upande, mkono ukalegea. Watu walisema, "Amelewa, acheni alale." Wengine, "Wamemloga." Alifikishwa hospitali siku ya tatu. Leo anatembea na fimbo, na hawezi kushika moto tena.

Pombe inafanya nini? Pombe nyingi inapandisha nguvu ya damu, hata mshipa wa ubongo unaweza kupasuka. Tena inavuruga mapigo ya moyo: damu inaganda ndani ya moyo, kipande kinapanda kuziba mshipa wa ubongo. Mahali damu haifiki, ubongo unakufa. Mwaka 2022 waganga wa Korea ya Kusini walitangaza uchunguzi juu ya watu zaidi ya milioni 1 wenye miaka 20 hadi 39: miaka ya kunywa sana ikizidi, hatari nayo inazidi.

Basi tukiona uso umepinda, mkono umelegea, ao maneno hayatoki sawa, tusinuse kinywa kwanza. Hata kama amekunywa kweli, tumpeleke hospitali saa ile ile.

Na sisi wa darasa la sita, siku ya kupata diploma ya Serikali, tupakane poda tu. Inatosha.