Mizinga, Mabata na Chungu cha Mwindaji

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mabata walianza kuonekana wamekufa kwa wingi katika kinamasi cha Eagle River Flats, karibu na mji wa Anchorage, Alaska. Hawakuwa na majeraha ya risasi. Jeshi la Marekani lilikuwa likilenga shabaha kinamasini humo tangu miaka ya 1940, na ilichukua takriban miaka kumi kumjua muuaji: fosforasi nyeupe, kemikali inayotiwa kwenye makombora ya moshi.

Fosforasi hii ikiwa hewani huwaka yenyewe ikaisha. Kombora likipasuka majini, chembe zake huzimika na kuzama, na ndani ya tope lisilopata hewa hukaa miaka mingi bila kuharibika. Bata naye hula kwa kuzamisha mdomo topeni na kuchuja mbegu, na chembe nyingine zina ukubwa uleule wa mbegu. Akizimeza hutetemeka, hupinda shingo, kisha hufa. Baadhi ya tai walioila mizoga hiyo nao walikufa. Ilibidi ufyatuaji usimamishwe, makombora ya fosforasi yapigwe marufuku humo, na baadaye vidimbwi vikaushwe kwa pampu wakati wa kiangazi ili tope lipate joto na hewa, sumu itoweke. Mizinga iliporudi, iliruhusiwa majira ya baridi tu, barafu ikiwa imefunika tope.

Nimeanza na bata kwa sababu mzoga unaonekana na unahesabika. Madhara mengine ya mazoezi ya medani hayaachi mzoga, na hayo ndiyo yanayopita kirahisi kwenye ripoti za athari za mazoezi.

Chukua ndege za kivita zinazopita chini chini. Watafiti walioufuatilia mwendo wa kulungu wa Aktiki huko Alaska waliona kwamba majike yenye ndama wachanga ndiyo yaliyosumbuka zaidi; yalitembea zaidi na kupumzika kidogo. Ripoti inaweza kusema kundi halijapungua, na ikawa kweli. Lakini mwanakijiji anayewinda kulungu hao ana siku chache za msimu na mafuta ya boti anayoyanunua kwa bei kubwa kuliko ya mjini. Wanyama wakihamia bonde la pili, yeye anarudi mikono mitupu, na familia inaingia majira ya baridi bila nyama. Kwa maoni yangu, hasara ipimwe hapo, kwenye chungu.

Huduma za kijiji nazo huathirika. Sehemu kubwa ya vijiji vya Alaska haifikiki kwa barabara. Ndege ndogo ndiyo posta, ndiyo duka, ndiyo inayompeleka mgonjwa hospitali. Anga ya mafunzo ya jeshi huko ni kubwa mno, na mazoezi yakianza, ndege za wagonjwa hupewa kipaumbele. Rubani wa kawaida, hata pale sheria inapomruhusu kupita, mara nyingi huona heri azunguke au asubiri. Safari hurefuka, na gharama hiyo humwangukia abiria na mwenye mzigo.

Sheria ya ardhi za Alaska ya mwaka 1980 ilitambua mapema hasara ya mwindaji. Kifungu chake cha 810 kinaitaka idara ya serikali kuu, kabla ya kutoa ardhi ya umma kwa matumizi mengine, ipime athari kwa watu wanaoishi kwa kuwinda na kuvua, iangalie kama mahali pengine panafaa, na kama kizuizi ni kikubwa, iwasikilize wananchi hadharani. Nafuu nyingi hutokana na ratiba tu. Jeshi la Anga lilikubali kutofanya mazoezi makubwa mwezi Septemba, wakati watu wanapomwinda musi, kulungu mkubwa kuliko wote duniani.

Nawe ukiletewa ripoti ya mazoezi ya kijeshi karibu na kwenu, usiridhike na idadi ya wanyama. Uliza mazoezi yataanza wiki gani, na wawindaji na wafugaji wa hapo waliulizwa lini.