"Anxious": Ni Wasiwasi au Hamu?

Mimi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu. Huenda unajiuliza, je, neno la Kiingereza lafuata nini katika jarida letu la Kiswahili? Subira, ndugu yangu. Neno hili liliniponza mimi mwenyewe, na aliyeumia zaidi ni nyanya yangu.

Ilikuwa likizo ya Aprili. Nyanya anaishi nje kidogo ya mji wa Voi, na wakati huo alikuwa haoni vizuri kwa sababu ya mtoto wa jicho. Siku moja akaletewa barua fupi kutoka kwa daktari wa macho aliyempima. Barua ilikuwa kwa Kiingereza. Akanikabidhi akisema, "Haya mjukuu wangu, wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Nisomee."

Daktari alikuwa ameandika: "I am anxious to see you before the end of the month." Mimi nikakohoa kidogo kama wakili mahakamani, nikatafsiri: "Daktari anasema ana wasiwasi kukuona kabla ya mwisho wa mwezi."

Lo! Nyanya alinyamaza kama maji mtungini. Baadaye akasema, "Kama daktari mwenyewe ana wasiwasi, mimi niende nikafanye nini huko? Wacha nikae hapa na Mungu wangu." Siku kumi zikapita. Hakuenda shambani, chakula akawa anakionja tu, na usiku nilimsikia akiomba kwa sauti ya chini. Nami nikadhani nimefanya kazi yangu.

Bahati nzuri, mwalimu jirani yetu alipita kuazima jembe. Nyanya akampa ile barua. Mwalimu akaisoma, akanikazia macho, akasema, "Kijana, umemtisha mama bure! Daktari hasemi anaogopa. Anasema anataka sana kumwona, tena asichelewe." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tangu siku hiyo nimelichunguza neno "anxious" kwa makini. Haya ndiyo niliyoyapata.

Asili yake ni Kilatini. Katika lugha hiyo, kitenzi "angere" maana yake ni kukaba au kubana, kama mtu anayeshikwa koo. Waingereza walianza kulitumia neno "anxious" katika karne ya 17 kwa maana ya wasiwasi. Kwa hivyo aliye "anxious" ni mtu ambaye jambo limembana moyo. Jambo hilo si geni kwetu. Neno letu "dhiki" limetoka Kiarabu, na huko maana yake ni wembamba, yaani mahali palipobana. Nalo neno "wasiwasi", pia la Kiarabu, latokana na mnong'ono. Mwenye wasiwasi ni kama mtu anayenong'onezwa mambo mabaya sikioni mchana kutwa.

Sasa angalia vizuri. Neno "anxious" husomwa pamoja na jirani yake. Ukimjua anayelifuata, umejua maana.

Kwanza, likifuatwa na "about", hapo ni wasiwasi mtupu. "She is anxious about the results" maana yake ni kwamba ana wasiwasi kuhusu matokeo. Sisi watahiniwa twaijua hali hiyo!

Pili, likifuatwa na "for", angalia kinachokuja baadaye. Kikiwa ni mtu, basi anayesemwa anamhofia mtu huyo: "anxious for her son", yaani amwogopea mwanawe asije akapatwa na jambo. Kikiwa ni kitu kinachongojewa, kama "anxious for news", basi anakingoja kwa hamu, na roho iko juu.

Tatu, likifuatwa na "to" pamoja na kitenzi, maana hugeuka ikawa kutaka sana. Matumizi haya yalizoeleka katika karne ya 18. Hapa ndipo nilipoanguka mimi. "Anxious to see you" ni "ana hamu kubwa ya kukuona", wala si "anaogopa kukuona".

Nne, neno hili laweza kutangulia jina la wakati, kwa mfano "an anxious moment". Wakati wenyewe hauogopi kitu, bwana. Ni watu ndio wenye roho mkononi wakati huo.

Je, "anxious to" ni sawa kabisa na "eager to"? Wapo walimu wa Kiingereza wanaokataa katakata. Wao husema kwamba "anxious" lazima ibaki na chembe ya hofu, na pasipo na hofu yoyote utumie "eager". Kamusi nyingi huyakubali matumizi yote mawili. Ushauri wangu kwako mtahiniwa ni huu: ukiandika insha kuhusu sherehe unayoingoja kwa furaha tupu, tumia "eager", hutakosolewa na mtu. "Anxious to" iweke pale ambapo kuchelewa kwaweza kuleta hasara. Daktari wetu alilitumia barabara, kwa maana wapasuaji walikuwa wafunge kazi mwisho wa mwezi huo. Alitaka kumwona nyanya, na alihofia asije akachelewa.

Usiwacheke Waingereza kwa kuchanganya wasiwasi na kutaka. Neno letu "hamu" nalo limetoka Kiarabu, na huko "hamm" ni wasiwasi na huzuni ya moyo. Lilipofika kwetu likawa neno la kutamani. Kumbe moyo unaotaka sana kitu na moyo unaoogopa kukikosa ni majirani wa ukuta mmoja!

Basi, mwenzangu, ukipewa barua umtafsirie mzazi, usilichukue neno moja ukalitoa kwenye kamusi kama samaki kwenye ndoano. Soma sentensi nzima. Tena usione haya kuuliza, kwani kuuliza si ujinga.

Nyanya tulimpeleka zikiwa zimebaki siku mbili mwezi uishe. Akapasuliwa, na leo anachambua mchele mwenyewe bila kuita mtu. Ile barua ameiweka kwenye sanduku lake. Kila nikienda kumwamkua huitoa, akaniambia huku akicheka, "Haya msomi, nisomee tena."

Nami humsomea: "Daktari ana hamu sana ya kukuona, nyanya."

Kalamu yangu naiweka chini hapa. Kwaherini.